Rangi ya Jeli Isiyodumu: Kusoma Dalili na Kupata Chanzo kwa Wanaojipaka Kucha Nyumbani

Rangi ya jeli ikipakwa vizuri hukaa kwenye kucha wiki mbili hadi tatu bila kupoteza mng'ao wake, na hiyo ndiyo sababu wanawake wengi wa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wamenunua taa ndogo za kukaushia na kuanza kujipaka wenyewe. Hata hivyo, jeli ileile inayodumu kwa mmoja hubanduka siku ya pili kwa mwingine, naye huamua kwamba chupa ni feki, hununua nyingine, na hiyo nayo hubanduka vilevile. Mara nyingi chupa haina kosa. Jeli inaposhindwa huonyesha mahali iliposhindwa na siku iliposhindwa, na anayezisoma alama hizo mbili kabla ya kuongeza tabaka jingine hukifikia chanzo haraka kuliko anayebadilisha chupa.

Inafaa kwanza kuelewa jeli inavyofanya kazi. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu kiyeyusho chake huruka hewani, lakini jeli ni kimiminika cha kemikali za jamii ya methakrileti kilichochanganywa na kiamshi, ambacho kikipigwa na mionzi ya UV inayotoka kwenye taa huzifanya chembe zote zishikane na kuwa plastiki ngumu. Kwa hiyo kuna maswali mawili tu ya kujiuliza kila mara: je, jeli imeushika ukucha, na je, imeiva hadi ndani? Swali la tatu, linalohusu ngozi, nimelitengea nafasi yake mbele kwa sababu lina uzito kuliko haya mawili.

Usihesabu kuwa kosa lile pengo linalojitokeza kati ya rangi na ngozi. Ukucha wa mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi, hivyo baada ya wiki mbili ni lazima uone uwazi wa kama milimita moja na nusu. Huo ni ukuaji, hauna dawa wala hauhitaji dawa.

Jeli inatoka nzima kama ganda, ndani ya siku tatu za mwanzo

Ukiivuta jeli kidogo ikatoka kipande kimoja chenye umbo la ukucha, na upande wake wa ndani ukawa laini na safi, ujue kwamba haikushika tangu mwanzo. Tazama ukucha uliobaki wazi. Ukiwa unang'aa kana kwamba haujaguswa na tupa, chanzo kiko kwenye maandalizi, na taa yako haihusiki.

Chanzo kikubwa ni mafuta, na hapa kwetu mafuta hayo kwanza kabisa ni mawese. Anayepikia mawese, anayeyapima kwa ajili ya kuuza, au aliyemaliza kukaanga migebuka, hubaki na mafuta kwenye mikunjo ya ngozi inayouzunguka ukucha na chini ya ncha yake, na kunawa kwa sabuni mara moja hakuyamalizi. Chukua kipande cha pamba nyeupe kilicholowa spiriti, kibonyeze kwenye pembe mbili za ukucha, kisha kipitishe chini ya ncha. Pamba ikitoka na rangi ya chungwa, bado hujawa tayari. Rudia na pamba mpya hadi itoke nyeupe. Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na losheni ni wabaya zaidi kwa kuwa hayana rangi ya kukushtua, na mtu hujipaka losheni mikono baada ya kuoga, akakaa kupaka kucha akiamini ni safi.

Spiriti yenyewe inaweza kuwa tatizo. Baadhi ya spiriti zinazouzwa kwa ajili ya kusafisha ngozi huongezwa mafuta ili zisiikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki juu ya ukucha baada ya spiriti kuruka. Dondoshea tone moja juu ya kioo safi, liache likauke, kisha lipitishie kidole. Likiacha ukungu unaoteleza, spiriti hiyo itumie kwa kazi nyingine. Inayofaa ni ile ambayo lebo yake inataja alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, bila kiungo kingine zaidi ya maji.

Chanzo cha pili ni maji, nacho huwashangaza wengi, kwa sababu saluni nyingi huanza kwa kuloweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kwa rangi ya kawaida hilo lina madhara madogo. Kwa jeli ni kosa. Ukucha hunyonya maji na kutanuka kidogo, na ukipakwa jeli ukiwa katika hali hiyo, baadaye maji hutoka, ukucha hurudi kwenye umbo lake, huku jeli iliyokwisha kuwa ngumu ikibaki vilevile, na hapo mshiko hukatika. Aliyefua asubuhi apake jioni, na aliyetoka kuosha vyombo asubiri angalau saa moja mikono ikiwa mikavu.

Kuna pia ulaini wa ukucha wenyewe. Pitisha bafa, yaani tupa laini ya kusugulia ukucha, ya namba 180 au 240 kwa mkono mwepesi hadi mng'ao uondoke, kisha acha hapohapo, kwa maana lengo ni kuondoa mng'ao na si kupunguza unene. Ondoa vumbi kwa brashi kavu, futa kwa spiriti, na baada ya hapo usiuguse tena ukucha kwa kidole, hata kidole kisafi, kwa kuwa ngozi ya kidole ina mafuta yake ya asili. Beisi, yaani lile tabaka la kwanza lisilo na rangi, ipakwe nyembamba sana na isuguliwe kwa brashi ili iingie kwenye mikwaruzo midogo iliyoachwa na bafa. Wengi huipaka nene wakidhani wanaongeza nguvu, nayo hukunjamana na kuachia.

Jeli inanyanyuka upande wa ngozi

Ikiwa jeli iliachia karibu na mzizi wa ukucha huku sehemu nyingine zote zikishika imara, chanzo ni kimoja kati ya viwili, na vyote vinaonekana kwa macho ukikaa karibu na dirisha.

Juu ya ukucha, pale unapotokea kwenye ngozi, kuna utando mwembamba mfu, mweupe au usio na rangi, ulioganda na kusafiri pamoja na ukucha unavyokua. Jeli iliyopakwa juu ya utando huo imeshika utando, haijashika ukucha, na utando ukinyanyuka jeli huenda nao. Uondoe kwa kuukwangua taratibu kwa kijiti au kwa kifaa cha chuma chenye ncha butu, ukisukuma kuelekea kwenye ngozi. Ile ngozi hai inayoukinga mzizi usiikate. Ndiyo mlango unaozuia vijidudu visiingie, na aliyeikata huku akishika maji ya dagaa na chumvi kila siku atajua madhara yake kwa maumivu na usaha.

Chanzo cha pili ni jeli iliyogusa ngozi. Jeli ikiiva huku imekanyaga ukucha na ngozi kwa pamoja, ngozi inapojikunja kidogo tu huivuta, maji hupenya, na kufikia siku ya nne unaona kingo imesimama na inanasa nywele unapojichana. Hiyo ya kunasa nywele ndiyo dalili ya mapema kuliko zote, kwa kuwa nywele hugundua upenyo ambao jicho halijauona. Chukua jeli kidogo kwenye brashi, anzia katikati ya ukucha, sukuma taratibu kuelekea mzizini, simama kabla ya kuigusa ngozi, kisha vuta kuelekea nchani. Acha mstari mwembamba kama unene wa uzi. Ikimwagika, ifute kwa brashi ndogo iliyochovywa kwenye spiriti kabla ya kuingiza mkono kwenye taa, si baada. Watu wanaotumia mkono wa kushoto kupaka wa kulia ndio humwagia zaidi, na ndiyo maana mara nyingi mkono wa kulia huharibika kwanza. Wasio na uhakika na mkono wa kushoto waegemeze kiganja mezani na wapake kidole kimoja kimoja, kila kimoja kikiiva kabla ya kingine kuanza.

Inamenyeka nchani

Hapa swali la kwanza ni vidole vipi. Ikiwa ni vyote, hukufunga ncha: kila tabaka, beisi, rangi na topu ya juu kabisa, linapaswa kupitishwa pia kwenye ukingo wa mbele wa ukucha, ili maji yasiingie kati ya jeli na ukucha. Ikiwa ni vidole viwili au vitatu tu, chanzo ni kazi. Jirani yangu anayenunua dagaa Kibirizi na kuwachambua kutoa mchanga na takataka kabla ya kuwafunga, humenyeka kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, siku zilezile, hata akipakwa na nani. Hakuna topu itakayoshinda hilo. Kilichomsaidia ni kuzikata fupi kucha za vidole hivyo viwili, kwa sababu ukucha mrefu hupinda unapobanwa, na jeli haipindi kiasi hicho.

Vilevile usifupishe kucha baada ya kupaka. Ukikata au kupiga tupa ncha iliyofungwa, umefungua mlango uliokuwa umefungwa. Fupisha kwanza, paka baadaye. Kwa kusugua masufuria kwa waya, vaa glavu za mpira, na usimenye muhogo kwa ukucha wakati kisu kipo.

Jeli ina mikunjo, ni laini, au bado inanata

Kunata peke yake si dalili ya ugonjwa. Hewa ya oksijeni huzuia tabaka la juu kabisa lisiive, kwa hiyo beisi na rangi hubaki na unato ambao husaidia tabaka linalofuata kushika, na topu nyingi nazo hufutwa kwa spiriti mwishoni. Jaribio ni hili: futa kwa spiriti, kisha bonyeza kwa kijiti cha mti. Chini ya unato kukiwa kugumu, mambo ni sawa. Kijiti kikiacha shimo, au rangi ikitoka kwenye pamba baada ya topu kuiva, jeli haijaiva ndani.

Mikunjo iliyo kama ngozi ya maziwa yaliyochemka huonyesha kwamba juu kumeiva na chini bado ni kimiminika. Chanzo ni unene, na rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu iliyokolea ndizo hatari zaidi kwa kuwa chembe za rangi huzuia mionzi isishuke. Rangi hizo zipakwe tabaka tatu nyembamba badala ya mbili nene, na kila moja ipewe muda wake kamili. Ukiona mikunjo, usiongeze taa juu yake ukitumaini itanyooka. Futa, anza upya.

Unene ukiwa sawa na jeli bado ni laini, chunguza taa. Taa ndogo inayoingia vidole vinne ina balbu chache, na kidole gumba hukaa kimelala ubavu nje ya mwanga, ndiyo maana gumba huwa la kwanza kuharibika. Viive vidole vinne, kisha magumba mawili peke yake yakitazama juu. Taa inayotumia waya wa chaji ikichomekwa kwenye pawabanki iliyokaribia kuisha inaweza kuwaka huku mwanga wake umefifia, na jicho haliwezi kupima hilo, kwani mionzi inayofanya kazi kwa sehemu kubwa haionekani. Umeme ukikatika katikati, usikisie dakika zilizobaki. Ukirudi, rudia muda wote kuanzia mwanzo, ukiwa umeukinga mkono usiguse kitu. Taa za zamani zenye balbu za mirija huhitaji dakika mbili pale ambapo taa ya LED huhitaji sekunde 30 hadi 60, na mirija hiyo huchoka kwa matumizi hata kama bado inawaka. Tena kiamshi kilichomo kwenye jeli hutofautiana, hivyo jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mionzi ya aina fulani yaweza isiive vizuri kwenye taa ya aina nyingine. Ukiweza, nunua jeli na taa vya mtengenezaji mmoja.

Joto kali la ghafla ndani ya taa linatokana na kuiva kwenyewe, kwani chembe zinaposhikana hutoa joto. Toa mkono, subiri sekunde kadhaa, rudisha. Likitokea kila mara, tabaka ni nene au kucha zimesuguliwa mno zikawa nyembamba. Anayetumia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, asubiri amalize dozi, kwa kuwa dawa hiyo huifanya ngozi iumizwe kirahisi na mionzi ya UV.

Jeli iliyokuwa nyepesi ikawa nzito ndani ya chupa, au brashi ikakakamaa, imeivia humohumo. Mwanga wa jua una UV. Iondoe dirishani, na usiache chupa wazi karibu na taa inayowaka. Rangi nyeupe inayogeuka njano baada ya kupika pilau au mchuzi imeshika manjano ya viungo, nayo mara nyingi hupungua ukiifuta kwa spiriti siku hiyohiyo.

Ngozi inawasha

Hapa ushauri hubadilika. Ngozi ya kuzunguka kucha ikiwasha, ikawa nyekundu, ikatoa malengelenge madogo au ikapasuka, hasa saa chache hadi siku mbili baada ya kupaka, acha jeli. Usijaribu chapa nyingine, usipunguze kiasi, usisubiri uone. Wakati mwingine dalili hutokea mbali na kucha, kwenye kope, mashavu au shingo, mahali vidole vinapogusa, na mtu hulaumu sabuni au poda.

Mara nyingi chanzo ni mzio wa methakrileti, na inayotajwa sana ni HEMA, ambayo kwenye lebo yaweza kuandikwa kwa jina hilo fupi au kwa jina refu la kikemikali. Huingia mwilini kupitia jeli mbichi inayogusa ngozi na kupitia jeli isiyoiva vizuri, yaani makosa yaleyale mawili yanayoifanya jeli isidumu. Mzio huu ukishajengeka kwa kawaida haumwachi mtu maisha yake yote, na kemikali za jamii hiyo hutumika katika kuziba meno na katika saruji ya kuunganishia mifupa bandia, kwa hiyo anayepata mzio kwa sababu ya kucha anaweza kupata shida kwa daktari wa meno miaka mingi baadaye. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2020, uliagiza bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na wataalamu tu. Huku kwetu chupa hizo huuzwa kwa yeyote, na nyingine hazina orodha ya viungo kabisa. Chupa isiyo na orodha ya viungo mimi siinunui, hata ikiwa ya bei ya kutupa, na nakuomba nawe usiinunue. Mwenye dalili aende kituo cha afya au Hospitali ya Maweni akiwa na chupa mkononi, ili mganga aone alichotumia.

Doa la kijani chini ya jeli iliyonyanyuka ni bakteria, mara nyingi aina ya Pseudomonas, waliopata unyevu katika ule upenyo. Kulifunika kwa rangi ni kuwapa nyumba. Toa jeli yote, acha ukucha wazi na mkavu, na uonyeshe hospitalini kama kuna maumivu au ukucha unaachana na nyama.

Kucha zimekuwa nyembamba na zina mabaka meupe

Dalili hii hulaumiwa kwa jeli, ilhali aghalabu huletwa na namna ya kuitoa. Jeli iliyonyanyuka pembeni humshawishi mtu aibandue kwa meno au kwa ukucha mwingine, na inapotoka huondoka na tabaka za juu za ukucha. Yale mabaka meupe yaliyokwaruzika ni mahali zilipochanika.

Kwangua topu kwa tupa hadi mng'ao uishe, weka pamba yenye asetoni juu ya ukucha, funga kwa karatasi ya foili, subiri dakika 10 hadi 15, kisha sukuma kwa kijiti. Isiyotoka kwa kusukumwa kidogo ifungwe tena dakika tano. Asetoni hushika moto upesi na mvuke wake husambaa, kwa hiyo kazi hii isifanywe jikoni wala karibu na jiko la mkaa, na mlango uwe wazi.

Wapo wanawake wa Kiislamu ambao hujipaka wakati wa hedhi tu na kuitoa kabla ya kurudi kwenye swala, kwa sababu jeli huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha. Kwao kuitoa hutokea kila mwezi baada ya siku chache, na huko kukwangua na kuloweka mara kwa mara ndiko kunakozichosha kucha. Kwa siku chache hizo rangi ya kawaida, inayotoka kwa pamba bila kukwanguliwa, inafaa zaidi, na hina iliyozoeleka Ujiji haiweki tabaka juu ya ukucha hata kidogo.

Kucha zikishachanika, hakuna mafuta yatakayounganisha tabaka zilizoondoka. Ukucha wa mkono hujibadilisha wote kwa takribani miezi sita, kwa hiyo ziweke fupi, zipake mafuta ya nazi usiku, na usipake jeli juu ya sehemu iliyochanika hadi ikue na kukatwa.